Nick Brandt: aliyemkaribia tembo Igor hatua chache akampiga picha, na kilichofuata

Mzee wa Lenzi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki ile kwenye uzi wa kamera kuna mtu aliuliza kama yupo binadamu anayeishi kwa kupiga picha za wanyama bila kuajiriwa na gazeti wala kampuni ya utalii. Nikaahidi kuandika. Nimechelewa kwa sababu msimu wa harusi ndio huu, Jumamosi tatu mfululizo nimeshinda nikikimbizana na keki. Leo nimepumua.

Nitamzungumzia mtu mmoja tu, Nick Brandt. Wengi mmeshaona kazi zake bila kujua jina lake. Ile picha ya tembo dume anakunywa maji, nyeusi na nyeupe, mkonga umejikunja, ngozi unaweza kuhesabu mikunjo yake. Zile za ndege waliokauka kama sanamu pembeni mwa Ziwa Natroni. Ni huyo huyo.

Alizaliwa London mwaka 1964, akasoma uchoraji na filamu katika chuo cha Saint Martin's. Hilo la uchoraji liwekeni akilini, maana kila kitu chake kinatokea hapo. Hakusomea biolojia wala uandishi wa habari. Miaka ya tisini alikuwa Marekani akiongoza video za muziki. Mwaka 1995 akaongoza video ya Michael Jackson, Earth Song, na sehemu ya video ile ilipigwa hapa hapa Tanzania. Kuanzia hapo hakutulia tena. Alitaka kusema jambo kuhusu wanyama wale na nyika ile, akaona filamu haimfikishi. Ilipofika 2001 alikuwa ameshaanza kuja Afrika Mashariki na kamera ya picha za mnato.

Sasa hapa kwenye kamera ndipo wapiga picha tunapogawanyika. Sisi wengine tukisikia mbuga tunawaza lenzi ndefu kama bomba la maji. Yeye alikuja na Pentax 67II, kamera ya filamu, nzito, kilo mbili na ushee ukishaifunga lenzi, na kila rola inatoa picha 10 tu. Kumi! Mimi kwenye harusi moja narudi na elfu mbili. Na lenzi ndefu hakutumia kabisa. Hoja yake ni kwamba ukitaka kumpiga mtu picha ya sura, ya kuonyesha yeye ni nani, husimami mita mia ukamvuta kwa lenzi. Unamsogelea. Basi na mnyama ni hivyo hivyo, na ukimsogelea kwa lenzi fupi unapata na mbingu yake, na nyasi zake, na mlima wake nyuma.

Tatizo mnalijua. Simba haambiwi "sogea hapa kaka, geuka kidogo kwenye mwanga". Unasubiri. Picha yake mojawapo inayojulikana sana, simba dume wa Maasai Mara mwaka 2006, manyoya yanapeperushwa na upepo wa mvua inayokuja, ilimgharimu zaidi ya wiki mbili na simba huyo huyo. Na simba, kama mnavyomfahamu, muda mwingi wa maisha yake analala. Siku nyingi hizo mtu anatazama mzoga unaopumua.

Natoka kidogo, naendelea jioni.

Kigogo wa Mbezi

Natia nanga hapa. Mkuu usituache njiani kama ule uzi wa drone.

Fundi Kamera

Mzee wa Lenzi, nimeishika Pentax 67 ya marehemu mzee mmoja aliyekuwa na studio mjini. Kioo chake kikiruka ndani kinapiga kishindo kama mlango wa kabati. Huyo simba alikuwa haamki?

Halafu swali la kitaalamu: kwa nini filamu kubwa hivyo? Negativu (kile kipande cha filamu kinachonasa picha) ya sentimita sita kwa saba kwa kazi ya porini ni kujitesa.

Mzee wa Lenzi

@Fundi Kamera, kishindo kipo kweli. Ndiyo maana nasema zile picha zinatokana na mnyama aliyekwisha kukuzoea mpaka kelele yako ameiweka kundi moja na kelele za nzi.

Kuhusu ukubwa wa negativu, jibu ni ukutani. Gazeti linataka picha ya ukubwa wa kiganja, leo, kesho linafungia vitumbua. Yeye anachapa nakala za kutundika, nyingine ni ndefu kuliko mlango wa nyumba yako. Kwa ukubwa huo negativu ndogo inakuumbua, unaona chenga badala ya kope za tembo. Na ndiyo tofauti ya sanaa na habari kwenye kazi hii. Mwandishi anataka tukio: duma kakamata swala. Brandt matukio hayamhusu. Ukiangalia picha zake za mwanzo wanyama hawafanyi chochote. Wamesimama, wamekaa, wanatazama. Ni sura, kama zile picha za mababu zilizopigwa studio mtu kavaa koti kakaa kwenye kiti.

Mtaka Chenji

Story tamu ila mimi nauliza la mjini. Hela anaipata wapi? Maana kukaa na simba wiki mbili, gari, dereva, mafuta, kiingilio cha mbuga kwa bei ya mgeni kila siku. Mimi mwenzenu nililala siku mbili tu Mikumi nikarudi nadaiwa.

Mzee wa Lenzi

Nilijua litakuja, na ni swali zuri.

Soko la picha za sanaa linafanya kazi hivi. Unachagua picha moja. Unatangaza kwamba ya ukubwa huu zitachapwa nakala, tuseme, 15 au 25, basi. Kila nakala inapewa namba, unaweka saini. Zikiisha, ukubwa ule hauchapwi tena mpaka kiama. Nakala za mwanzo zinauzwa bei ya chini kidogo, kadiri zinavyopungua bei inapanda. Anayenunua ananunua picha, lakini ananunua pia ule uhakika kwamba wenzake wenye kitu kile hawajai daladala. Jumba la sanaa linalokuuzia linachukua fungu lake, na mara nyingi fungu hilo ni nusu. Ndiyo, nusu. Ukiona mtu analalamikia kamisheni ya dalali wa viwanja, mwambie hajauza picha.

Kwa hiyo mtu wa namna hii haishi kwa picha elfu. Kwa mwaka akipata picha chache zinazostahili ukuta, ameshinda. Vitabu vinasaidia kumtangaza zaidi ya kumlisha. Na msisahau, huyu aliingia akiwa tayari ana jina na hela kidogo ya video za muziki. Nalisema ili kijana asiuze bodaboda yake kesho.

Vitabu vyake vitatu vya kwanza ni On This Earth wa 2005, A Shadow Falls wa 2009 na Across the Ravaged Land wa 2013. Soma majina hayo kwa mfuatano, ni sentensi moja: juu ya dunia hii, kivuli kinaanguka, katika nchi iliyoharibiwa. Aliipanga sentensi akaitimiza kwa zaidi ya miaka kumi. Cha kwanza ni kama bustani ya Edeni. Cha mwisho unakutana na askari amebeba meno ya tembo aliyeuawa.

Katikati pale kuna habari ya Igor.

Mzee wa Lenzi

Igor ndiye yule tembo anayekunywa maji. Jina alipewa na watafiti. Kule Amboseli, mbuga ya Kenya, tembo wanafuatiliwa mmoja mmoja tangu 1972, wana majina na ukoo wao unajulikana, pengine kuliko koo za baadhi yetu humu. Igor alikuwa dume mkubwa, mtulivu, ameishi karibu miaka 50 na binadamu wakipita kando yake. Mwaka 2007 alimwacha Brandt asogee mpaka zikabaki hatua chache tu kati yao. Ile picha unayoiona haikuvutwa na lenzi, tembo alikuwa pale pale.

Mwaka 2009 majangili wakamuua, wakamkata meno.

Brandt mwenyewe amelieleza jambo hili kwa uchungu: huenda ule utulivu uliomruhusu yeye kusogea ndio uliowaruhusu na wale wengine. Tembo hajui nani kashika Pentax na nani kashika bunduki. Wote ni watu wawili watatu wanaokuja polepole upande wa upepo.

Mimi nimepiga picha miaka kumi na sita, nyingi za watu. Niliposoma hilo nilizima simu nikatoka nje.

Kigogo wa Mbezi

Daah.

Askari Mstaafu 77

Miaka hiyo msiikumbushe. Mwaka 2008 kuna nchi za kusini mwa Afrika ziliruhusiwa kuuza shehena ya meno yao China na Japan kihalali, mara moja tu. Kuna wanaobisha hadi leo kama ndiyo ilichochea au la, mimi nawaambia tuliokuwa porini tuliona bei inapanda na risasi zinaongezeka. Hapa kwetu sensa ya 2009 ilihesabu tembo 109,051. Ya 2014 ikahesabu 43,330. Miaka mitano! Hao wengine walikwenda wapi, walihamia Ulaya?

Ile picha ya askari na meno naifahamu. Amesimama wima, meno mawili kayakumbatia, kila jino refu ajabu. Hatabasamu. Wapiga picha wengi waliotujia sisi walitaka turuke, tukimbie, tujifiche kwenye nyasi tukiwa tumeelekeza bunduki kama sinema. Yule kamwacha mtu asimame tu. Ndivyo tulivyokuwa tukisimama ukishayatoa porini, hujui uyaweke wapi.

Dk. Pinga

Samahani wakuu, mimi nitaharibu sherehe. Mzungu kaja, kapiga tembo wetu, kauza New York na London, kajenga jina. Tembo amepata nini? Wenye tembo wamepata nini? Hii ni biashara ya meno kwa njia ya filamu, tofauti yake tembo anabaki hai. Na huyo Igor hata hakubaki.

Mzee wa Lenzi

@Dk. Pinga, kali lakini naipokea, na nadhani yeye mwenyewe alijiuliza hivyo hivyo. Mwaka 2010, mwaka mmoja baada ya Igor, yeye na Richard Bonham, mhifadhi wa Kenya, wakaanzisha shirika la Big Life. Linafanya kazi kwenye ukanda wa Amboseli, Tsavo na Kilimanjaro, eneo la ekari zipatazo milioni 1.6. Wana mamia ya askari, wengi wao vijana wa Kimaasai wa pale pale. Wana mfuko wa fidia, simba akila ng'ombe wako unalipwa sehemu ili usichukue mkuki. Kuanzia 2012 kuna na michezo ya morani, kurusha mkuki, rungu, kuruka juu, kukimbia, badala ya kwenda kumtafuta simba ili uonekane mwanaume.

Sisemi hilo linafuta swali lako. Nasema picha ya Igor ilizaa askari, na sijui picha nyingine nyingi za kutundika ukutani zilizofanya hivyo.

Binti Ngare Sero

Naomba niingilie kabla mtu hajaleta ule uongo. Nimekulia Ngare Sero, chini ya Ol Doinyo Lengai, Ziwa Natroni ni mlango wa kwetu. Mwaka 2013 picha za Brandt za ndege waliokauka zilipozagaa, dunia nzima ikaandika kwamba ziwa letu linageuza viumbe kuwa jiwe wakigusa maji tu. Nilikuwa Dar chuoni, watu wananiuliza kama nimepoteza ndugu.

Ukweli ni huu. Maji yale yana magadi mengi, yanawasha, na kwenye kina kifupi yanapata moto hasa. Usiyanywe, usioshee macho. Lakini flamingo wanaishi humo kwa raha zao na wanazaa humo. Flamingo wa ile aina ndogo wa Afrika Mashariki karibu wote wametotolewa Natroni, kwa sababu fisi na mbweha hawawezi kuvuka tope lile kufuata mayai. Wanakula mwani, ndiyo unawapa ule uwaridi. Tangu 2001 ziwa limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za dunia.

Kinachotokea ni kwamba ndege akifia majini, magadi na chumvi vinamkausha na kumhifadhi, haozi. Anatupwa ufukweni mgumu kama gamba. Brandt aliwaokota hivyo hivyo wakiwa wamekufa, popo, njiwa, mbayuwayu, furukombe, flamingo, akawaweka juu ya matawi na majini kana kwamba wamerudishiwa uhai. Kwa hiyo yule furukombe aliyekaa kwenye tawi hakufa amekaa. Amepangwa. Hilo yeye hakulificha, walioficha ni waliosambaza.

Picha zenyewe nazipenda. Sina ugomvi nazo. Ila ugomvi na vichwa vya habari ninao.

Fundi Kamera

Kwa hiyo amepanga. Hapo mimi naanza kupata shida. Mpiga picha wa wanyama hapaswi kugusa kitu.

Binti Ngare Sero

@Fundi Kamera, mtu akipanga maua mezani akayachora unamwambia ameyadanganya maua? Shida ingekuwa angesema aliwakuta hivyo.

Oloibor

Mimi ni jirani, niko Loitokitok upande wa Kenya, huwa nasoma tu humu. Leo nimeguswa.

Hizo picha za kwanza zinazosifiwa ni nzuri, sikatai. Lakini mimi nikiziangalia natafuta nyumbani nisipaone. Hakuna boma. Hakuna ng'ombe. Hakuna mtoto na fimbo. Mlima upo, ndovu wapo, vumbi lipo, sisi tumeondolewa. Mbuga ya Amboseli ni kilomita za mraba 392 tu, hakuna ndovu anayeweza kuishi humo mwaka mzima. Anakunywa kwa bwawa asubuhi, jioni anatoka, usiku analala kwa shamba letu. Kiangazi, ng'ombe na pundamilia wanakula nyasi moja. Igor alifika karibu miaka hamsini si kwa sababu ya uzio, ni kwa sababu babu zangu walimwacha apite.

Sasa mgeni anayenunua picha ile London anatundika ukutani nchi isiyo na watu. Kesho mtoto wake akija huku anaona ng'ombe wangu anasema, hawa wanafanya nini kwa picha?

Na siku hizi ni mbaya zaidi, ardhi ya pamoja inagawanywa vipande, kila mtu na hati yake, nyaya zinawekwa. Hilo halionekani kwa picha ya ndovu anayekunywa maji.

Dk. Pinga

Ahsante jirani. Hapo sasa.

Mzee wa Lenzi

@Oloibor, karibu, na usiwe msomaji tu. Umegusa ninachotaka kukisema tangu mwanzo, ila nilikuwa nakizunguka.

Mimi naona maisha yote ya kazi ya Brandt ni mtu anayetoka kwenye hiyo picha isiyo na watu, pole pole, miaka ishirini. Sijui kama alitoka kwa sababu alikosolewa au kwa sababu ya Igor. Fuatilia.

Kwanza askari na meno. Binadamu wa kwanza unayemkumbuka kwenye vitabu vile anaingia akiwa amebeba mabaki ya mnyama.

Halafu Inherit the Dust, 2016. Alichukua picha zake za zamani ambazo hakuwahi kuzitoa, akazichapa ukubwa wa mnyama mwenyewe, tembo kwa kimo cha tembo, akazibandika kwenye mabango makubwa, akayapeleka mahali ambapo wanyama walikuwa wakiishi zamani na sasa hawapo. Kwenye machimbo ya mawe. Kiwandani. Chini ya daraja la barabara kuu. Jalalani. Twiga anasimama shimoni na watu wanaponda kokoto. Sokwe kwenye uchochoro wenye maji machafu. Tembo chini ya daraja na watu waliolala hapo wamejifunika magunia. Na watu wanaendelea na shughuli zao, hawamtazami mnyama. Mabango mengine yalikuwa na urefu wa mita tisa. Bado filamu, bado nyeusi na nyeupe.

Hiyo ndiyo kazi yake ninayoipenda kuliko zote, hata kuliko Igor. Kwa sababu wale watu wa jalalani hawakuwekwa pale kuonyesha ubaya. Nao wamenyang'anywa kitu, ukiangalia vizuri.

Kisha This Empty World, 2019. Hii ilipigwa kwenye ardhi ya Wamaasai karibu na Amboseli, Oloibor utakuwa unapajua. Alifunga kamera mahali pamoja haisogei, akajenga sehemu ya jengo, tuseme nguzo mbili za sheli, akaondoka. Wiki zinapita mpaka wanyama wazoee, usiku wanakuja, kihisio kinawapiga picha. Wakishapatikana, kamera haijaguswa, mafundi wanajenga sheli yote, au kituo cha mabasi, au daraja, watu wa jirani wanaingia mahali pale pale wanapigwa picha. Picha mbili zinaunganishwa kuwa moja. Tembo yuko sheli, watu wanatazama simu zao. Sasa ni dijitali na ni rangi, taa za njano na bluu za usiku. Vifaa vya ujenzi vilipelekwa kwenye matumizi mengine, ardhi ikaachwa ilivyokuwa.

Kwangu hii imezidi chumvi kidogo. Imekuwa sinema. Yule yule wa video za muziki amerudi, na mimi nilimpenda alipokuwa maskini wa vifaa.

Fundi Kamera

Sheli ya kujenga halafu kubomoa. Bajeti hiyo mimi nafungua studio nne.

Oloibor

Hiyo nimeiona. Swali langu, hapo watu ndio wabaya? Ndovu kasimama kwa huzuni, mtu anabonyeza simu.

Mzee wa Lenzi

Yeye anasema hapana, kwamba watu wale nao wanasombwa na maendeleo ambayo hawakuyapanga wao. Lakini nakubali, picha inaweza kusomwa vibaya bila maelezo yake, na picha inayohitaji mwenyewe asimame pembeni aifafanue ina upungufu.

Nadhani ndiyo maana akaenda kwenye hatua iliyofuata. Mwisho wa 2020 alipiga The Day May Break, Kenya na Zimbabwe. Hapa hakuna bango wala kuunganisha. Mtu na mnyama wamo kwenye picha moja, kwa wakati mmoja, kweli. Watu ni wale waliopoteza nyumba, mashamba, mifugo, kwa ukame na mafuriko. Wanyama ni waliookolewa, wanaolelewa kwenye hifadhi maalumu, wamezoea binadamu na hawawezi tena kurudi porini. Mashine za ukungu zinafunika nyuma, kila kitu kinakuwa kijivu. Mtu kakaa kwenye kiti, mnyama kasimama kando yake, hakuna anayemtazama mwenzake.

Mmojawapo ni faru Najin wa hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya. Mnamjua? Faru weupe wa kaskazini waliobaki duniani ni wawili tu, yeye na binti yake Fatu. Dume la mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018. Najin kapigwa picha pamoja na watu ndani ya ukungu, na huwezi kujua nani anamlinda nani.

Na majina ya watu yameandikwa kwenye picha, sawa na jina la mnyama. Kutoka nchi isiyo na watu hadi hapo ni safari ndefu, Oloibor. Sisemi amefika.

Baada ya hapo ameendelea na mfululizo huo Bolivia, Fiji ambako watu wamekaa kwenye viti chini ya maji ya bahari, na Jordan na familia za wakimbizi wa Syria. Fiji na Jordan ni watu peke yao. Mtu aliyeanza na simba aliyelala amemaliza na binadamu.

Askari Mstaafu 77

Kuandika jina si jambo dogo. Mimi nimepigwa picha na wageni mara nyingi sana, na zipo ukutani mahali fulani duniani nimeandikwa "askari".

Oloibor

Mzee wa Lenzi nimekusikia. Ya ukungu nimeitafuta sasa hivi nikaitazama na mama. Hajui habari za sanaa. Aliuliza huyo mama wa kwa picha alilipwa, na mvua ilirudi kwao? Sikuwa na jibu.

Mtaka Chenji

Mama yako na mimi tungeelewana.

Chipukizi_Moro

Shikamooni wakubwa. Nimesoma uzi wote nikiwa kazini badala ya kufanya kazi. Mimi nina kamera ya mtumba na lenzi moja tu, milimita 50, haivuti. Nilikuwa nakusanya hela ya lenzi ndefu ndiyo nianze wanyama, sasa nimechanganyikiwa. Nianzie wapi?

Fundi Kamera

Marahaba. Usimsikilize sana huyu mzee, lenzi ndefu nunua siku ukipata. Mbugani huruhusiwi kutoka nje ya njia wala kushuka garini popote unapotaka. Kwa 50 utapata nukta.

Mzee wa Lenzi

Marahaba kijana. Fundi anasema kweli kuhusu mbuga. Basi usianzie mbugani. Anza na mbuzi. Ng'ombe. Punda wa kubeba maji. Kaa nao asubuhi na jioni, mwanga ukiwa chini, bila kupiga picha siku mbili za mwanzo. Ng'ombe akikuona mara ya kwanza anainua kichwa, masikio mbele. Hiyo picha kila mtu anayo. Subiri mpaka akuchoke, aanze kucheua, atazame pengine. Hapo piga moja, usipige ishirini. Jifanye una rola ya kumi.

Ukirudi nyumbani na picha moja ya ng'ombe ambayo mwenye ng'ombe akiiona anamtaja kwa jina, nitumie nikuchapie bure.

Oloibor

Akose ng'ombe Morogoro aje Loitokitok, wapo. Lakini aombe kwanza kwa mwenyewe, si kwa ng'ombe.

Chipukizi_Moro

Morogoro ng'ombe wapo mkuu, tena wa ndugu zako. Ila Loitokitok nakuja pia. Naomba namba PM.

Oloibor

Imetumwa. Kuja baada ya mvua, saa hii wako mbali.